Umati wa Watu Saba: Kisa cha Miswada ya Bentham

Tarehe 27 Desemba 2010, Waingereza wakiwa bado majumbani kwa mapumziko ya Krismasi, gazeti la New York Times lilitoa habari ya mradi mmoja wa University College London (UCL). Mradi uliitwa Transcribe Bentham, na ulikuwa umefunguliwa tangu 8 Septemba. Ombi lake lilielezeka kwa pumzi moja: tunazo karatasi za mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1832, tumezipiga picha, mwenye kompyuta na subira azisome na kuandika kilichomo neno kwa neno. Hadi siku hiyo walikuwa wamejiandikisha watu 350. Habari ilipotoka watu wakamiminika, na muda wa majaribio ulipofungwa 8 Machi 2011, daftari lilikuwa na majina 1,207.

Ni rahisi kuishia hapo. Watu wengi wa maktaba niliowasikia wakipanga kazi ya namna hii huanza na swali la matangazo: tutawafikiaje wengi? Lakini daftari lile lile lina hesabu nyingine. Katika watu 1,207, waliogusa walau mswada mmoja walikuwa 259. Katika hao 259, karibu theluthi mbili walinakili mmoja tu, kisha wakapotea. Na watu saba peke yao, kundi linaloenea kwenye daladala na viti vikabaki, ndio waliofanya asilimia 70 ya kazi yote.

Kisa kinachotajwa siku zote kuwa mfano wa nguvu ya umati, basi, ni kisa cha watu saba. Ukikisoma hivyo, karibu kila uamuzi uliofanywa pale unabadilika sura.

Karatasi zenyewe

Jeremy Bentham alizaliwa mwaka 1748. Ndiye aliyeshikilia kwamba sheria ipimwe kwa furaha inayoiletea jamii, na ndiye aliyebuni Panopticon, gereza la duara ambalo mlinzi mmoja aliyekaa katikati anaweza kumwona kila mfungwa, naye mfungwa asijue kama anatazamwa au la. Aliusia mwili wake upasuliwe kwa faida ya elimu ya tiba, kisha mifupa ivalishwe nguo zake mwenyewe na kuketishwa. Hadi leo ameketi ndani ya kabati la kioo pale UCL, kofia kichwani na uso wa nta. Wageni hupiga naye picha. Walio wengi hawajui kwamba urithi wake mzito uko kwenye maboksi.

Aliandika karibu kila siku ya utu uzima wake. UCL ina karatasi zake zipatazo 60,000, na Maktaba ya Uingereza ina nyingine zaidi ya 12,000. Baada ya kifo chake, John Bowring alisimamia toleo la juzuu 11, lililotoka kati ya 1838 na 1843 na kuacha mambo mengi nje, yakiwemo maandishi yake ya kuishambulia dini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 UCL ikaamua kuanza upya, kwa uangalifu. Juzuu za kwanza zilitoka 1968, na makisio ni kwamba zote zitafika kama 80. Katika nusu karne hiyo wahariri walikuwa wamenakili karatasi zipatazo 20,000 kati ya zile za chuoni. Zilibaki 40,000. Kwa mwendo ule, vitukuu vya wahariri wangekuwa bado kazini.

Hapo ndipo likaja wazo la kuwaita watu wa nje, kwa ruzuku ya mwaka mmoja kutoka baraza la Uingereza linalofadhili utafiti wa sanaa na historia. Mwaka mmoja tu, na humo humo watengeneze mfumo, wapige picha, watafute watu, wawafundishe na watoe ripoti.

Mezani pa mnakili

Tuache takwimu kidogo, tumfuate mtu mmoja anayejitolea usiku nyumbani kwake.

Anafungua ukurasa. Upande mmoja picha ya karatasi, upande mwingine kisanduku cha kuandikia. Mfumo ulijengwa juu ya MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia, kwa hiyo kila badiliko linahifadhiwa na hakuna kinachopotea. Karatasi ina pambizo pana, na mzee Bentham hakuiacha wazi: ameijaza vichwa vya habari na nyongeza. Ndani ya aya amefuta maneno kwa mstari, akaandika mengine juu yake, akayafuta nayo. Mara nyingine anaandika neno la pili juu ya la kwanza bila kulifuta la kwanza, kama mtu anayepima nguo mbili na kuondoka amezivaa zote. Katikati ya Kiingereza kuna Kifaransa, kuna Kilatini. Na kadiri alivyozeeka na macho yake kufifia, ndivyo mwandiko ulivyozidi kuharibika.

Kuna ugumu mwingine ambao mimi ndio unaonivutia zaidi. Bentham alikuwa mtunzi wa maneno. Neno "international", ambalo sisi tumelipa "kimataifa", ni lake; "maximise" na "minimise" pia. Anayesoma mwandiko mbaya hujisaidia kwa kubahatisha: haya maneno mengine nayajua, basi hili litakuwa fulani. Kwa Bentham mbinu hiyo inakusaliti. Ukiona neno usilolijua huwezi kusema kama umelisoma vibaya, au umelisoma sawasawa na mzee amelizua asubuhi ile.

Akishasoma, mnakili wetu hajamaliza. Juu ya kisanduku kuna safu ya vitufe: cha maneno yaliyofutwa, cha yaliyoongezwa, cha yasiyosomeka vizuri, cha lugha ya kigeni, cha mstari mpya. Akibofya, alama za msimbo zinajipanga kuzunguka neno, kwa kanuni za TEI wanazotumia wahariri wa matini duniani. Sababu ni nzuri: maandishi yenye alama hizo yanaweza kumsaidia mhariri wa kitabu, yakatafutika kwa kompyuta, na yakaeleweka hata miaka hamsini ijayo. Lakini kazi moja imegeuka mbili. Mtu alikuja kusoma barua za kale, sasa anapanga msimbo. Walipoulizwa baadaye nini kiliwakwaza, washiriki walitaja uhaba wa muda, mwandiko, na hizo alama.

Kulikuwa pia na pointi, vyeo vya kupanda ngazi na orodha ya wanaoongoza kwa pointi, mitindo ya michezo ya kompyuta iliyokuwa ikisifiwa sana miaka ile. Washiriki walisema mashindano ndiyo yaliyowasukuma kwa uchache kabisa. Waliendelea kwa sababu walimpenda Bentham, au historia, au walifurahia tu kulishinda fumbo la mstari mmoja mgumu. Nilitarajia hivyo. Mtu hakai saa mbili na karatasi ya mwaka 1790 kwa ajili ya nyota ya bluu kwenye wasifu wake.

Mradi ulijaribu na tangazo la Google. Lilijitokeza mbele ya macho ya watu zaidi ya mara 600,000, likabofiwa mara mia nne na kitu, na halikuleta mnakili hata mmoja.

Gharama ilijificha wapi

Mswada ukikamilishwa ulikwenda kwa wafanyakazi wa mradi. Mmoja wao aliusoma wote akiulinganisha na picha, akarekebisha maneno na msimbo, akamwandikia aliyeunakili. Ukifikia kiwango ulifungwa ili usiguswe tena, ukaenda kwenye hifadhi ya kudumu ya UCL. Usipofikia ulirudi. Kazi hiyo ya uhakiki iliwategemea zaidi watafiti wawili walioajiriwa kwa saa zote za kazi, ambao pia waliandika matangazo, walijibu maswali na kutengeneza miongozo.

Sasa fikiria Januari 2011. Majina mapya yanaingia kwa mamia, na kila mmoja anapeleka mswada wake wa kwanza. Mswada wa kwanza ndio mbaya kuliko yote atakayowahi kufanya: msimbo umepinda, mistari imerukwa, maneno magumu yameachwa wazi. Ndio unaomla mhakiki muda mrefu zaidi, na ndio unaohitaji ujumbe wa upole zaidi, maana anayekaripiwa mara ya kwanza harudi. Halafu wengi hawarudi hata wakisifiwa. Mhakiki amemfundisha mtu kwa dakika nyingi na mtu huyo ametokomea na mafunzo yake. Wale saba, kwa upande wao, walijifunza mara moja, wakazoea mkono wa Bentham, na kila ukurasa wao ukawa mwepesi kuhakikiwa kuliko uliotangulia. Gazeti liliuletea mradi sifa, na katika sifa hiyo walikuwemo watu wa thamani. Ila sehemu kubwa ya umati ule ilikuwa mzigo, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyeusifu kutoka mbali hakuwa yeye wa kuubeba.

Kinachonifanya niuheshimu mradi huu ni kwamba waliifanya hesabu inayowaumiza, kisha wakaichapisha. Katika miezi sita ya majaribio waliojitolea walinakili au walianza kunakili miswada 1,009. Wale watafiti wawili wangeacha kila kitu, wakakaa chini wakanakili tu, katika miezi hiyo sita wangemaliza kama 2,500. Mara mbili na nusu. Yaani kwa kipimo cha karatasi kwa fedha iliyotumika, kuwaita watu wa kujitolea kulikuwa hasara.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na sikubali kwamba ndiyo neno la mwisho, ingawa nakubali kila tarakimu. Ilipima miezi sita ambayo ndani yake mfumo ulikuwa mchanga, miongozo ilikuwa inaandikwa, na hata wale saba walikuwa bado wanajifunza. Ni kama kumhesabia mkulima wa minazi mavuno ya mwaka wa kwanza. Tena watafiti wawili wana mkataba, na mkataba una tarehe ya kuisha. Ruzuku ilipokwisha katika majira ya kuchipua ya 2011, wafanyakazi walipunguzwa. Wanakili hawakupunguzwa na mtu. Waliendelea kuleta kurasa kila wiki, na shida ikawa upande wa pili: nani atazihakiki? UCL ilishika mradi usianguke, na mwaka 2012 shirika la Mellon la Marekani likatoa fedha za miaka miwili, ambazo pia ziliingiza karatasi za Maktaba ya Uingereza.

Matumizi ya fedha hizo ndiyo yanayonionyesha kwamba somo liliingia. Waliboresha meza ya kunakilia: picha ikae vizuri karibu na maandishi, mnakili aone kazi yake itakavyotokea kabla ya kuipeleka, msimbo usiharibike ovyo. Mnakili alifurahi, lakini aliyeokolewa hasa ni mhakiki. Muda wa kuhakiki ukurasa mmoja ulishuka sana, na hapo ndipo hesabu ya fedha ilipoanza kuegemea upande wa kujitolea. Baada ya miaka kumi tangu mradi ufunguliwe, kurasa zilizonakiliwa zilikuwa zimepita 20,000, yaani walioketi majumbani mwao walikuwa wameifikia kazi ya nusu karne ya wahariri. Je, ni haki chuo kikubwa kula jasho la watu bila kuwalipa? Swali halali. Jibu langu ni kwamba inategemea kinachorudi, na hapa maandishi yalirudi wazi kwa kila mtu, bila malipo.

Yakarudi pia kwa njia zisizotarajiwa. Katika karatasi hizo kulikuwa na mapishi aliyokuwa akiyakusanya kwa ajili ya wafungwa wa Panopticon, chakula cha bei ya chini kinachoshibisha, na mwaka 2015 yalitoka kama kijitabu cha upishi. Maandishi yake dhidi ya kuwapeleka wafungwa Australia yalichapishwa na UCL mwaka 2022, kitabu cha kusomwa bure. Na tangu 2013 kurasa zilizohakikiwa zilianza kutumika kufundishia kompyuta kusoma miandiko ya mkono, katika utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliozaa programu ya Transkribus. Kompyuta haikufundishika kwa umati wa kurasa zenye makosa. Ilitaka kurasa sahihi, mstari kwa mstari. Zile za watu wachache waliokwisha kuuzoea mkono wa Bentham.

Njia nyingine, na karatasi zetu

Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington, ilipofungua mradi wake wa By the People tarehe 24 Oktoba 2018, ilichagua tofauti. Hakuna msimbo: mtu anaandika anachokiona, basi. Na anayehakiki ni mtu mwingine wa kujitolea, si mwajiriwa. Mradi wa Smithsonian, uliotangulia mwaka 2013, nao ulitegemea washiriki kukaguana. Kwa njia hiyo umati unaweza kumezwa bila kuwavunja mgongo wafanyakazi wawili. Gharama yake ni kwamba maandishi yanayopatikana yanatosha kutafutia, hayatoshi kuwa kitabu cha wasomi. Kama lengo ni mtu aliyeko Ohio kupata jina la babu yake ndani ya shajara ya mwanajeshi, yanatosha kabisa. Bentham alikuwa akitengenezewa juzuu 80, na neno lililofutwa lilikuwa na thamani sawa na lililobaki. Sioni kwamba mmoja wao alikosea. Anayekosea ni yule anayechukua alama za UCL na umati wa Washington kwa pamoja, akiwa na mhakiki mmoja wa mkataba wa miezi sita.

Kutoka kabati la Bentham hadi SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, ni dakika chache kwa miguu, na SOAS ndiko iliko mojawapo ya hazina kubwa za miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, mashairi, barua. Kati ya 2003 na 2006 miswada hiyo ilifanyiwa orodha yenye maelezo, na baadhi ikapigwa picha. Kuna na mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao J. W. T. Allen, mtafiti wa tenzi kutoka Uingereza, aliushughulikia miaka ya 1960. Kila mara ninapowasikia watu wakisema "tuziweke mtandaoni, vijana wazinakili", nawakumbuka wale saba.

Maana herufi hizo zina mtego wa kwao. Waandishi wengi wa kale walitumia herufi moja, ba, kwa b, kwa p na kwa mb. Na alama moja ya irabu, dhuma, kwa u na o. Neno lililoandikwa ba yenye dhuma, nun, alifu linaweza kuwa "bona", "puna", "pona" au "mbona". Kijana anayejua kusoma Kurani atazitambua herufi zote bila kukosea hata moja, na bado asijue ameandikiwa nini. Anayejua ni yule aliyekulia kwenye lahaja na kwenye mizani ya shairi, anayesikia kwamba hapo pametakiwa "mbona" kwa sababu ya kina cha mwisho wa mshororo. Mashairi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, yalitufikia kwa njia hiyo. Mwalimu Sikujua alimkusanyia na kumwandikia mmisionari William Taylor katika karne ya 19, akamfafanulia, na diwani ikachapishwa 1940, miaka 50 baada ya Sikujua kufa. SOAS yenyewe, katika ule mradi wa orodha, ilimtegemea Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa kwa usomaji ambao kamusi haina.

Wasomaji wa aina hiyo tunao wachache, na walio wengi ni wazee. Mradi wowote wa kunakili miswada yetu ukipata fedha ya mwaka mmoja, ningependekeza shilingi za kwanza ziende kwao: walipwe kama wahakiki, wawekewe mtu wa kuwabofyia vitufe, wasome kwa sauti na sauti irekodiwe. Vijana wanne watano waketi nao, wale wale kila wiki, kwenye sebule ya Mombasa, Lamu au Unguja. Tovuti ya kupokea umati inaweza kufunguliwa mwaka wa pili.